Chuma Kizima Kinaanzia Wapi?

Juma hili nawaomba radhi wale waliozoea kupata katika ukurasa huu tafakari ya namna nyingine. Kijana mmoja mzaliwa wa Mwamgongo, anayejifunza kazi ya kuchomelea vyuma mjini Kigoma, ameniletea swali ambalo sikuona vema kulijibu kwa maneno mawili mlangoni na kumwacha aende zake. Familia yake imemwachia Land Rover ya zamani, yenye umri mkubwa kuliko wake, iliyosimama chini ya mwembe miaka mingi hata majani ya mti yakaoza na kuwa udongo juu ya boneti. Injini, asema, yaweza kupona. Lakini bodi imeliwa vibaya na kutu, naye hajapata kutengeneza bodi ya gari tangu azaliwe. Aanzie wapi?

Amekwisha kupewa mashauri mawili. La kwanza ni la wazee wa nyumbani: aliuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, apate fedha kidogo, aanze maisha. La pili ni la vijana wenzake: amtafute fundi wa haraka, matundu yazibwe kwa pati, gari lipigwe rangi, na baada ya wiki mbili lianze kupakia abiria. Mimi nina shaka na yote mawili, ingawa si kwa uzito uleule. Shauri la wazee laweza kuwa la kweli, baada ya ukaguzi. Shauri la vijana haliwezi kuwa la kweli hata kidogo, na ndilo lililonifanya niketi kuandika.

Mtaniuliza, padre ana nini na kutu? Aliyesafiri katika magari ya misheni kwenye barabara za mkoa huu, akaitazama barabara ikipita chini ya miguu yake kupitia tundu la sakafu, hahitaji kuulizwa hivyo.

Tuanze na kijiji alikotoka kijana huyu. Mwamgongo iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, na kwa miaka mingi njia ya watu wake kwenda Kigoma ilikuwa ziwa lenyewe. Watoto wa huko waliijua sauti ya injini ya boti kabla ya kuijua ile ya gari. Mwenye boti ya mbao akiona maji yanaingia, huipandisha mchangani, huikauka kwa jua, huitoa kalafati ya zamani iliyolegea, hutazama kama ubao wenyewe umeoza, na ukiwa umeoza huukata na kutia mwingine. Sijaona mvuvi anayepaka rangi juu ya ubao uliooza akatweka usiku kwenda kuvua dagaa. Ziwa humjibu siku ileile.

Gari halijibu siku ileile. Hiyo ndiyo hatari yake yote. Gari lenye chesisi iliyooza huendelea kutembea, hupakia, huteremka na kupanda, huingiza fedha, na mwenye nalo hujisifu kuwa alifanya akili kutotumia gharama kubwa. Kisha siku moja, kwenye mteremko, likiwa na watu tisa na mama mjamzito aliyekimbizwa hospitali, kishikio cha springi hung'oka kutoka katika chuma kilichogeuka maganda. Maarifa ambayo mzee wa boti anayo bila kufundishwa na mtu, yaani kwamba kilichooza hakifunikwi, fundi wa bodi anaweza kuyakosa maisha yake yote, kwa sababu tu adhabu huchelewa na huwaangukia wengine.

Kutu ni nini? Ni chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni palipo na maji. Bila maji au bila oksijeni kazi hiyo haiendi. Vikipatikana vyote viwili haikomi. Ubaya wa kutu ni kwamba haimlindi mwenyeji wake. Alumini nayo hufanya ngozi yake juu, lakini ngozi ile ni ngumu na imeshikamana, huzuia hewa isiingie ndani zaidi. Kutu ya chuma ni ya vitundutundu, hunyonya maji kama sifongo, na huyashikilia palepale chuma kilipo. Tena hufura: huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana mabati mawili yaliyobanwa pamoja huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na ndiyo maana kipele kidogo unachokiona juu ya rangi aghalabu ni mlango wa nyumba kubwa iliyo nyuma yake.

Hapa kijana wetu ana bahati asiyoijua, na msiba asioujua. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita, ilhali alumini ilikuwapo. Basi mabati mengi ya nje, kama madigadi na milango, yalifanywa kwa aloi ya alumini. Hayo hayashikwi na kutu nyekundu, na ndiyo maana gari hizo huonekana nzima hata zikiwa na miaka hamsini. Lakini mifupa yake ni chuma: chesisi, na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva, pamoja na nguzo zinazobeba milango. Mtu huzunguka gari, hugonga madigadi kwa vidole, husema, "Lipo zima." Amegonga ngozi, hajagonga mfupa. Zaidi ya hayo, alumini na chuma zikigusana palipo na unyevu, alumini ndiyo huanza kuliwa, ikageuka unga mweupe kuzunguka bolti na ribiti. Akiuona unga huo asiufute tu kwa kitambaa. Ni dalili kwamba maji yamekaa pale muda mrefu.

Chesisi ya Land Rover ni kama bomba la pembe nne, tupu ndani. Maji na tope huingia, hayapati njia ya kutoka, nayo huila kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo siku tundu linapoonekana nje, kazi ya uharibifu ilikwisha kufanyika zamani. Kwa mkoa wetu naongeza jambo moja. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya kuyala magari kama ilivyo pwani ya Dar es Salaam au Tanga. Lakini tunayo Uvinza, ambako chumvi imechemshwa tangu enzi za mababu, na gari lililowahi kubeba magunia ya chumvi, au samaki waliotiwa chumvi, hubeba ugonjwa wake ndani ya viungo hata baada ya kuoshwa. Kijana aulize gari lake lilikuwa likibeba nini. Historia ya mgonjwa ni nusu ya uchunguzi.

Sasa niseme juu ya pati, maana ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Pati si dhambi. Fundi mwema huitumia, kwa tabaka jembamba la milimita chache, juu ya bati zima lililonyooshwa, ili kusawazisha mabonde madogo ambayo nyundo haikuweza kuyamaliza. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini baadhi ya gereji huitumia kama jengo: tundu la kiganja hushindiliwa makaratasi au wavu, pati hukandikwa juu, msasa hupita, rangi hung'aa. Pati hunyonya unyevu, na nyuma yake kutu inaendelea kula ikiwa imefichwa na jua na macho ya mwenye mali. Kwenye boneti jambo hili ni udanganyifu wa biashara. Kwenye nguzo ya mlango, kwenye kizingiti, na kwenye chesisi, nalitaja kwa jina lake: ni kucheza na roho za watu. Fundi anayefanya hivyo akijua, na mwenye gari anayemwomba afanye hivyo akijua, wana hesabu moja, na abiria aliyelipa nauli hakuulizwa.

Wengine watasema ninadai makubwa kwa watu maskini, kwamba kazi ya kweli ya chuma ni ya matajiri wa Ulaya wenye karakana zenye taa nyeupe. Kwa hao nina jibu lililokuwa likielea katika ziwa letu.

Kila mwana wa Kigoma anaijua Liemba, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba ni chuma kilichowahi kufa mara mbili. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Kwa kuwa hakuna njia ya kuiingiza meli ya namna hiyo katika ziwa hili ikiwa nzima, ilifunguliwa vipande vipande, vikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakaletwa kwa njia ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hatukuachiwa, wakaiunga upya kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini.

Naomba tukae kidogo juu ya masanduku yale elfu tano. Kama mtu angeyafunga bila alama, meli ile isingeelea hata leo. Anayeanza kutengeneza bodi ya gari hupoteza kazi yake hapa hasa, kabla hata ya kuwasha moto. Kwa shauku ya siku ya kwanza hufungua kila kitu, huzirundika nati na bolti zote katika ndoo moja, na baada ya miezi mitatu hakumbuki kipande kipi kilishika wapi. Basi hulazimisha, hutoboa matundu mapya, na gari huishia kuwa rundo, kisha rundo huuzwa kwa kilo. Simu ya kijana wetu ina kamera. Apige picha ya kila kiungo kabla ya kukifungua, bolti za kila sehemu ziwekwe katika kopo lake, na kopo liandikwe. Gharama yake ni rangi kidogo na subira.

Tuendelee. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka Kigoma, meli ile ilizamishwa na watu wake wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nene. Tafakarini hilo: watu wanaoshindwa vita, wanaokimbia, wana muda wa kupaka grisi kitu wanachokizamisha. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena katika dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakafanya kazi juu yake, na mwezi Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke, zilizolala chini ya maji, zilikutwa zingali zafaa, nazo ziliisukuma meli hiyo hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa na za dizeli. Grisi ilikuwa imezuia maji na hewa visikifikie chuma. Hakuna siri nyingine pale.

Na hesabu ya miaka nayo itazamwe: kutoka kuinuliwa hadi kurudi kazini ni miaka mitatu, na waliofanya kazi ile walikuwa na serikali nyuma yao. Mwanafunzi mwenye grenda moja ya kuazima anapoahidiwa wiki mbili, ajue kwamba anayemwahidi hajapanga kukata kitu chochote. Liemba yenyewe ilisimama kazi mwaka 2018, na mwishoni mwa mwaka 2023 mkataba wa kuikarabati upya ukatiwa saini. Meli hii ina zaidi ya karne moja, na kila kizazi kimelazimika kuuliza tena swali lilelile: chuma kizima kinaanzia wapi?

Hilo ndilo swali ninalomwachia kijana badala ya lile aliloniletea. Wakaguzi wa meli hupima unene wa bati kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Yeye ana nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, navyo vyamtosha kuanza. Alale chini ya gari agonge chesisi hatua kwa hatua, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Achome kwa bisibisi pale penye shaka, hasa kwenye vishikio vya springi, chini ya ukuta wa mbele mahali miguu ya dereva inapokaa, na kwenye nguzo za milango. Bisibisi ikizama, aweke alama ya chaki. Asione uchungu kutoboa. Hajaharibu kitu, amekuta kilichokwisha kuharibika. Akimaliza, ahesabu alama. Zikiwa kumi na mbili katika sehemu zinazofikika, ana kazi ya mwaka. Chesisi ikiwa imeliwa kotekote hata bisibisi haipati pa kugota, wazee walikuwa na haki, naye auze kwa kilo bila aibu. Uingereza yapo makampuni yanayotengeneza chesisi mpya za gari hizi zikiwa zimechovywa katika zinki, lakini kuileta hapa ni hadithi ya mtu mwingine. Tena asikate kamwe kipande chenye namba ya chesisi kabla ya kujua sheria inasemaje, asije akapata gari zima lisilo na jina.

Akiamua kuendelea, asikate chochote kabla hajaifunga bodi. Nguzo na vizingiti ndivyo vinavyoshikilia umbo. Ukikata kizingiti kilichooza bila kuchomelea kwanza vyuma vya muda kukingama uwazi wa mlango, bodi hujipinda kidogo tu, pengine kwa upana wa kidole, na mlango hautafunga tena milele. Afanye upande mmoja kwanza, aumalize, ajaribu mlango, ndipo ahamie wa pili. Wanaoanza hupenda kukata pande zote siku moja, kwa kuwa kukata kunaridhisha. Kuunga ndiko kunakochosha.

Na akikata, akate mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa. Hapa ndipo moyo wa mwanafunzi hupimwa, maana tundu la upana wa shilingi hugeuka kuwa la upana wa sahani, naye huona kama analibomoa gari badala ya kulitengeneza. Wengi husimama katikati, huchomelea kiraka juu ya ukingo mwembamba ulioliwa nusu, moto huutoboa ukingo ule, wanaongeza madini, unatoboka tena, na mwisho wake ni uvimbe mbaya uliozungukwa na bati dhaifu kuliko lilivyokuwa mwanzo. Kiraka hakishiki juu ya kutu. Kinashika juu ya chuma, na chuma kikiwa mbali, yampasa kwenda mbali.

Kiraka chenyewe kiwe na unene unaolingana na kinachobadilishwa. Nimeona bati la kuezekea likikatwa na kuchomelewa chini ya magari. Bati la geji 30 halifikii hata nusu milimita, na linafaa kwa mvua tu. Tena limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukichomwa humletea mchomeleaji homa na kutetemeka usiku. Akilazimika kutumia bati lenye zinki, aikwangue yote kwanza mahali pa kuunga, afanyie kazi penye upepo. Mashine ya umeme ya vijiti, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika gereji zetu, inafaa kwa chesisi nene, lakini bati jembamba la bodi hulichoma kama karatasi. Huko afadhali gesi, au mashine ya waya kama ataweza kuiazima. Na kwa vyovyote ashike kwa nukta zilizoachana, moja hapa, nyingine kule, akiliacha bati lipoe, kwa sababu ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja joto hulipinda bati likawa kama wimbi. Ajifunze kwanza juu ya mabaki, mabaki mengi, kabla ya kuugusa ukuta wa mbele.

Kuhusu hatari sitanii. Tangi la petroli litolewe kabisa na kuwekwa mbali, wala asiliamini kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Betri ifunguliwe. Macho yavishwe miwani kila grenda inapozunguka, na asikwangue rangi ya zamani palipo na watoto, kwa sababu rangi nyingi za miaka ile zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto kuliko wakubwa. Katika nyua zetu, watoto ndio watazamaji wa kwanza wa kila fundi. Awafukuze, hata kama ni wadogo zake.

Majira nayo yana neno. Chuma kilichokwanguliwa kikang'aa hushika kutu jipya usiku mmoja wa unyevu. Basi kazi ya kukata na kuunga ipangwe kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na kila sehemu iliyokamilika ipakwe siku ileile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Rangi hiyo ya msingi peke yake haitoshi. Nyingi hupitisha maji, na gari linaloachwa na wekundu wake hadi mvua za Novemba huwa limejitayarisha kwa kutu mpya chini ya rangi. Rangi ya juu ifuate mapema. Ile ya kung'aa, ambayo vijana wenzake wanataka kuanza nayo, ndiyo kazi ndogo kuliko zote katika orodha hii, sina mengi ya kuisemea.

Je, inalipa? Kwa fedha tupu, pengine hapana. Saa zake zikihesabiwa kwa ujira wa kibarua, angenunua pikipiki. Lakini mwezi Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha, nyingine za zamani sana, na kila moja iliyofika pale kwa magurudumu yake ilikuwa na mtu aliyekataa kuiuza kwa kilo. Zaidi ya hayo, kijana huyu anasomea uchomeleaji. Miezi kumi na miwili chini ya gari lake mwenyewe, akikata na kuunga pasipo bwana wa kumharakisha, itamfundisha kutambua chuma kizima kwa sikio na kwa mkono. Mkoa huu wenye boti za injini, matela, malori ya chumvi na meli ya miaka mia moja una haja kubwa ya watu wenye sikio hilo. Namshauri pia amtafute fundi mzee asiyependa pati, hata kama ni mkali, amlipe kwa kumsaidia kazi. Wapo. Aghalabu gereji zao hazina kibao.

Ninamwekea sharti moja tu, kwa kuwa ameniuliza mimi: asipakie mtu mwingine katika gari hilo mpaka fundi ambaye si rafiki yake awe amelala chini yake na nyundo.

Limebaki suala la ndani ya chesisi, ambako brashi haifiki. Baada ya kuunga na kupaka nje, atie ndani grisi iliyolainishwa au nta ya kuzuia kutu, kwa bomba la kunyunyizia lenye mpira mrefu, akipitia matundu yaliyopo, mpaka ianze kuchuruzika upande wa pili. Ameniuliza kama mawese yatafaa, kwa kuwa ndiyo yaliyopo kwa wingi kwetu na bei yake anaijua. Mawese ni ya mchuzi. Yakikaa huchacha, na yakichacha hutoa asidi inayokila chuma kilekile anachotaka kukilinda. Oili chafu ya injini nayo aiache. Ina asidi zake na taka zake, na itakayodondoka Mwamgongo itaishia ziwani, tunakochota maji ya kunywa. Kisha mvua za kwanza zikipita, alale tena chini ya gari na kipande cha waya, akipitishe katika kila tundu la kutolea maji. Likitoka tope, alioshe liishe. Yakitoka maganda ya kahawia, aweke alama ya chaki pale, asubiri kiangazi.